Mdogo wangu, modeli yako imefika saiti?



Barua ya leo imetoka Sakina, hapa Arusha. Aliyeiandika ni binti mhandisi, yuko kwenye programu ya miaka mitatu ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) ya kuwalea wahandisi wapya, ile tunayoiita SEAP, na amepangiwa mkandarasi anayejenga hosteli ya ghorofa nne. Mshauri elekezi alitaka kazi isimamiwe kwa BIM, na bosi akamkabidhi yeye kwa kuwa ndiye pekee ofisini anayeijua programu ya Revit. Amechora kila kitu, hadi masinki. Wageni wakija, bosi anawaonyesha jengo likizunguka kwenye televisheni ya ofisini. Saiti, mafundi wanaendelea na karatasi zao zilizochakaa, na yeye wamempa jina, "dada wa kompyuta". Anauliza: nikasome kozi nyingine? Nikope ninunue laptop yenye nguvu zaidi? Au niondoke?

Mdogo wangu, usikope na usiondoke. Nijibu kwanza jambo moja: leo asubuhi, nani pale saiti ameamua chochote kwa kuangalia modeli yako? Fundi nondo amejua akate kipande cha urefu gani? Fundi bomba amejua tundu lipite wapi kabla zege halijamwagwa? Kama jibu ni hakuna, basi tatizo lako haliko kwenye kompyuta. Umefanya kazi kubwa, na nzuri, ila imeishia ofisini. Leo nataka tuitoe hapo.

Kwa wasomaji ambao hawako kwenye fani, nieleze kidogo. BIM ni namna ya kulijenga jengo kwenye kompyuta kabla ya kulijenga ardhini, na kila kipande kikabeba taarifa zake. Ukuta unajua unene wake na tofali lake, mlango unajua uko ghorofa gani, nguzo inajua ina nondo ngapi. Ukibadilisha urefu wa ghorofa, michoro yote inabadilika pamoja, na hesabu ya vifaa nayo inabadilika. Wazo hili ni la zamani. Charles Eastman na wenzake kule Marekani walikuwa wakilifanyia kazi tangu miaka ya 1970. Uingereza iliifanya BIM kuwa sharti kwenye miradi ya serikali kuu kuanzia Aprili 2016, na mwaka 2018 zikatoka sehemu mbili za kwanza za ISO 19650, viwango vya kimataifa vinavyoeleza taarifa za ujenzi zisimamiwe vipi. Ukivisoma viwango hivyo utashangaa jinsi visivyojali picha nzuri. Vinashughulika na nani anatoa taarifa gani, lini, kwa nani, na nani ameikubali.

Hapo ndipo ninapotaka uanzie, mdogo wangu. Kisha tushuke kwenye ardhi yenyewe.

Sisi tunajenga chini ya mlima. Meru una zaidi ya mita 4,500, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka wote, ndiyo maana ukiutazama kutoka upande wa Momela unaona lile pengo kubwa. Yote hayo yamebaki kwenye viwanja vyetu. Unachimba msingi Sekei, kona moja unakuta udongo mwekundu laini, kona nyingine jiwe kubwa kuliko gari. Ukishuka kwenye tambarare, unaweza kukutana na udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Na bado ninaona modeli nyingi za vijana wetu zimekaa juu ya sakafu tambarare ya kijani, kana kwamba Arusha ni uwanja wa mpira.

Chukua kiwanja cha Ilboru chenye kina cha mita 30, kinachoteremka kwa asilimia 15. Kutoka juu hadi chini kuna tofauti ya mita 4.5, zaidi ya urefu wa ghorofa moja. Sasa mwenye nyumba anataka jukwaa la mita 12 kwa mita 10, zile 12 zikifuata mteremko. Ukikata kilima chote ili upate usawa, nyuma unachimba mita 1.8, na udongo unaotoka ni mita za ujazo 108. Udongo ukichimbuliwa unaumuka. Ukikadiria kwa robo, una mita za ujazo 135 za kubeba. Tipa la mita saba litapiga safari ishirini hivi, na bado unahitaji ukuta wa kuzuia ardhi nyuma ya nyumba. Ukikata nusu na kujaza nusu, unachimba mita za ujazo 27 tu, na hakuna tipa linalotoka kwenye geti. Ila hapo lazima mhandisi aseme msingi ushuke hadi ardhi ya asili, kwa sababu udongo uliojazwa hauaminiki kubeba nguzo, hata ukishindiliwa namna gani, mpaka yeye aridhike.

Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa kalamu. Kinacholeta faida kwenye modeli ni kwamba ukishaingiza vipimo vya mpima ardhi, unaweza kuisogeza nyumba mita mbili, ukaigeuza kidogo, na kila mara ukaona udongo unaotoka na urefu wa ukuta. Mwenye nyumba akiona machaguo matatu yenye gharama, anaamua yeye, na anaamua kabla ya kibali. Kwa hiyo mdogo wangu, kazi yako ya kwanza wiki hii ni kuuliza: vipimo vya ardhi viko wapi? Mashimo ya majaribio yalichimbwa wapi, na kila shimo lilionyesha nini kwa kina gani? Yaweke kwenye modeli mahali pake hasa. Mvua ikinyesha, maji yanatoka wapi na kuelekea kwa jirani gani? Mitaa yetu imepasuliwa na mito na mifereji, Themi, Naura, Kijenge, na kiwanja kinachoonekana kikavu Januari kinaweza kuwa njia ya maji Aprili.

Nikija kwenye nondo, nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipowaona mafundi wakianza kumsikiliza mtu wa modeli.

Tuseme nguzo zako zina nondo za milimita 16, na mhandisi ametaka maungio ya mara 45 ya kipenyo, yaani sentimita 72. Urefu kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3.2. Kila kipande basi ni mita 3.92. Nondo ya dukani ina mita 12, inatoa vipande vitatu na kinabaki kipande cha sentimita 24. Safi kabisa. Sasa mwenye jengo anasema anataka dari iwe juu zaidi, ongeza sentimita 20 tu. Kipande kinakuwa mita 4.12. Vitatu ni mita 12.36, havitoki tena kwenye nondo moja. Unapata viwili, na unabaki na mita 3.76 mkononi. Kama ghorofa ina nguzo 24 zenye nondo sita kila moja, unahitaji vipande 144. Mwanzo ulihitaji nondo 48. Sasa unahitaji 72. Nondo ya mita 12 ya milimita 16 ina uzito wa kilo 19 hivi, kwa hiyo umeongeza zaidi ya kilo 450 za chuma kwa ghorofa moja, kwa sababu ya sentimita 20 ambazo hakuna aliyezifanyia hesabu.

Je, zile mita 3.76 ni hasara? Si lazima. Zinaweza kuingia kwenye boriti fupi au penginepo mhandisi atakaporuhusu, ikiwa umepanga tangu mwanzo na fundi nondo ana jedwali la kukata na kukunja mkononi. Usipopanga, zinalala nyuma ya stoo, zinaota kutu, na siku moja hazipo. Modeli yenye nondo ndani yake inakupa jedwali hilo. Lichapishe. Mpelekee fundi nondo asubuhi kabla hajakata kitu, mkae naye kwenye mbao, mpitie kipande kwa kipande. Usimtumie kwenye simu ukaondoka. Huyo mzee amekata chuma miaka mingi kabla hujazaliwa, na atakuonyesha mahali ambapo nondo zako zimebanana kwenye makutano ya nguzo na boriti hadi zege haliwezi kupita. Hilo ulirudishe kwenye modeli, na kwa mhandisi, siku hiyo hiyo.

Najua mtauliza: nitamwambiaje mzee kama huyo? Mwambie hivi: "Shikamoo mzee. Naomba tuangalie hii pamoja kabla hatujakata, nina wasiwasi na kona ya pale." Umemheshimu, na hujashusha kazi yako. Akikujibu kwamba hawahitaji kompyuta, usibishane. Mwonyeshe ile hesabu ya 48 na 72. Nimewaona mafundi wagumu wakiacha kila kitu na kukaa chini, maana hesabu ya nondo ni lugha yao.

Mabomba yanafuata, na hapa ndipo majengo yetu mengi yanapoumizwa kimyakimya. Bomba la maji taka la inchi nne linahitaji kuteremka. Ukiliteremsha moja kwa sitini, kwa umbali wa mita sita linashuka sentimita 10. Ongeza kipenyo cha nje cha bomba lenyewe, tayari umetumia sentimita 21 chini ya slabu, bado viungio. Sasa katikati ya njia kuna boriti iliyoshuka sentimita 30. Kwenye michoro ya karatasi, mhandisi wa miundo ana karatasi yake na wa mabomba ana yake, na kila moja ni sahihi. Bomba na boriti vinakutana wapi? Vinakutana kwenye tindo na nyundo. Fundi bomba anafika ghorofani, anakuta boriti imekwishakauka, anaanza kuitoboa, na akikuta nondo anaikata. Mwenye jengo hatajua. Jipsam itafunika.

Kwenye modeli, ukiiweka miundo, mabomba na umeme pamoja, programu inakuonyesha kila mahali viwili vinapopita sehemu moja. Mwanzo itakuletea migongano mamia, usiogope, mingi ni midogo au haina maana. Chuja. Anza na inayogusa zege, kwa sababu zege halirudi nyuma. Bomba likilazimika kupita kwenye boriti, mhandisi wa miundo ndiye anayesema tundu likae wapi na liwe na ukubwa gani, kisha kipande cha bomba kinafungwa ndani ya fomu kabla ya kumwaga. Mdogo wangu, kama kwa hosteli yako yote utafanya jambo moja tu, basi siku mbili kabla ya kila slabu tembea na orodha ya matundu, ghorofa ile, mojamoja, ukiweka alama kwa chaki kwenye mbao. Slabu isimwagwe mpaka orodha imesainiwa na wewe, fundi bomba na fundi umeme. Hilo jina la "dada wa kompyuta" utalisikia likibadilika lenyewe.

Kuna hatari moja ambayo modeli inaileta, na lazima niiseme kwa uzito. Kwenye kompyuta, nguzo inasogea kwa kidole. Mteja anasema hiyo nguzo inaziba sehemu ya kuegesha magari, mtu anaiburuta, picha inabaki nzuri. Hapa kwetu ni Bonde la Ufa. Julai 2007 ardhi ilipotikisika kule upande wa Gelai na Ol Doinyo Lengai, mtikisiko ulisikika Arusha na hata Nairobi. Nguzo haisogezwi na mchoraji, na haiondolewi ghorofa ya chini ili duka lipendeze, bila mhandisi aliyesajiliwa kurudia hesabu zake. Weka kufuli kwenye faili la miundo, wengine walione tu.

Na modeli haitengenezi zege zuri. Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 tukalia tena, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo. Sisemi kwamba kompyuta ingewaokoa. Nasema usikubali kamwe modeli itumike kama ushahidi wa ubora. Ubora unathibitishwa na vipande vya zege vilivyopimwa maabara siku ya 7 na siku ya 28, na kipimo cha ulaini wa zege kabla halijamwagwa, na mtu mwenye msimamo anayesimama pale wakati linamwagwa. Unachoweza kufanya ni kuyaweka majibu ya maabara kwenye nguzo husika ndani ya modeli, tarehe na namba ya sampuli, ili nguzo yenye jibu baya isifichike kwenye faili la karatasi. Jibu baya likija, lionyeshe siku hiyo kwa maandishi, kwa bosi na kwa mshauri elekezi. Ukishinikizwa kulificha, hapo ndipo nitakuambia uondoke.

Ratiba nitaigusa kwa haraka. Kila kipande cha modeli kinaweza kufungwa kwenye tarehe yake ya ujenzi, ukaliona jengo likipanda wiki kwa wiki. Kwa Arusha, faida kubwa ni moja: mvua. Masika yetu ni Machi hadi Mei. Ukiona kwenye ratiba kwamba uchimbaji wa msingi kwenye mteremko unaangukia Aprili, una miezi ya kujipanga: uchimbe kwa vipande, uandae mifereji ya muda, au usubiri. Ule uwanja wa watu 30,000 ulioanza kujengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027 ni mfano wa kazi ambayo tarehe ya mwisho haimsubiri mtu, maana mechi imepangwa. Vijana mliopata nafasi kwenye kazi kubwa kama hizo, angalieni kwa makini jinsi zege, chuma na viti vinavyopangwa vifuatane. Andikeni. Mtakuja kuyatumia kwenye hosteli za ghorofa nne.

Sasa kuhusu makaratasi, au niseme mafaili. Mmeniandikia wengi kwamba saiti zenu zinaendeshwa kwa kundi la WhatsApp. Mchoro unatumwa saa nne, mwingine saa nane, jina lilelile, na fundi anajengea ule aliofungua kwanza. Tengeneza folda moja tu ambayo kila mtu anajua ndipo michoro halali ilipo. Kila mchoro uwe na namba, tarehe na hali yake: wa majadiliano, au wa kujengea. WhatsApp itumike kusema "mchoro namba fulani umebadilika, nenda kauchukue", si kutuma mchoro wenyewe. Na kwa kuwa umeme na mtandao vina siku zao, weka nakala kwenye diski ya nje kila jioni, na ubandike ukutani pale saiti karatasi ya A3 yenye rangi inayoonyesha kazi ya wiki hiyo kwa umbo, si kwa mistari. Kwa mafundi wenye simu nzuri kuna programu za kutazama modeli ambazo hazilipiwi. Ziweke kwenye simu zao wewe mwenyewe, na uwafundishe kuzungusha na kupima. Msaidizi fundi akipima upana wa ngazi kwa simu yake na kukuambia haulingani na uliomwagwa, hiyo ndiyo BIM.

Usisahau mkataba. Kibali cha ujenzi kinasimama juu ya michoro yenye mihuri ya mbunifu majengo na mhandisi waliosajiliwa na bodi zao, AQRB na ERB. Modeli ikisema unene mmoja na mchoro wenye muhuri ukasema mwingine, upi unashinda? Mwombe bosi wako na mshauri elekezi waandike jibu kabla ya mgogoro. Waandike pia modeli ni ya nani kazi ikiisha, na mkadiriaji majenzi anaruhusiwa kutegemea vipimo vyake kwa kiasi gani. Modeli inatoa ujazo halisi wa zege. Haijui toroli lililomwagika wala fomu iliyotanuka. Mkadiriaji mzoefu anajua aongeze nini, kwa hiyo mpe vipimo, usimpe hukumu.

Kaka mmoja mkandarasi wa daraja la saba kutoka Ngaramtoni aliniuliza kama mambo haya yanamhusu. Yanakuhusu, kaka yangu, ila usianze na yote. Chukua kazi yako inayofuata, mweke kijana mmoja achore misingi, nguzo na mabomba tu, na utumie kwa mambo mawili: jedwali la nondo na orodha ya matundu. Ukiona imekuokolea fedha, ongeza. Na kijana huyo mlipe kama fundi, asiwe wa kukutengenezea chai na kuchapisha risiti.

Wanaouliza wasome wapi: Chuo cha Ufundi Arusha kiko hapo mjini, kilianza mwaka 1978, na Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam viko Dar. Kabla ya kulipa kozi yoyote fupi, uliza kama utamaliza ukiwa umeunganisha modeli za fani tatu na kutoa jedwali la vifaa, au utamaliza ukiwa na picha ya nyumba yenye bwawa la kuogelea. Ukiwa mwanafunzi, Autodesk wanatoa leseni za masomo bila malipo, kwa hiyo usishike programu za wizi. Zinabeba virusi na zitakuaibisha siku ya ukaguzi. Ukishahitimu na huna fedha, kuna FreeCAD, na kuna Bonsai inayofanya kazi ndani ya Blender. Zote ni huru, na zinasoma mafaili ya IFC, muundo wa wazi unaokuwezesha kubadilishana modeli na mtu anayetumia programu nyingine. Jifunze IFC mapema. Programu zitabadilika, faili la wazi litakufungukia hata baadaye.

Hilo la baadaye linanigusa sana ninapopita pale AICC, kituo cha mikutano cha hapa mjini. Jengo lile lilijengwa miaka ya 1970 liwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Likawa kituo cha mikutano. Umoja wa Mataifa ulipoichagua Arusha mwaka 1995 kwa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, sehemu zake zikageuka vyumba vya mahakama, na kazi hiyo iliendelea hadi mahakama ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Jumuiya mpya nayo ikajijengea makao yake, yakafunguliwa Novemba 2012. Kila jengo linapobadilishiwa kazi namna hiyo, kuna mafundi wanaosimama mbele ya ukuta na kujiuliza ndani yake kuna nini. Hosteli yako ya Sakina nayo itakuwa ofisi, au zahanati, au shule. Siku ya kukabidhi, mpe mwenye jengo modeli inayofanana na kilichojengwa, si kilichokusudiwa: valvu ziko wapi, pampu ni ya aina gani na ilinunuliwa lini, nyaya kubwa zinapita wapi. Sahihisha kila wiki wakati kuta ziko wazi, maana mwisho wa kazi hakuna atakayekumbuka.

Namalizia na mama wa Moshono, anayejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa mkopo wa kikundi na anauliza kama na yeye alipie BIM. Mama yangu, usilipie. Mwombe mchoraji wako akuwekee mabomba na umeme kwenye ramani moja badala ya mbili. Kisha, kabla lipu haijapigwa, chukua simu upige picha kila ukuta, futi ikiwa imenyooshwa kwenye picha kutoka kona hadi kwenye bomba, uandike jina la chumba, na umtumie mwanao wa chuo azihifadhi mahali pawili. Umesema fundi lipu anaanza Jumatatu, kwa hiyo ifanye kazi hiyo Jumamosi, mwanga wa asubuhi ukiwa bado mzuri, na umwite fundi bomba asimame hapo akuonyeshe kila valvu kwa kidole.